FULANA YA KIPIMO CHAKO: Chora kiolezo nyumbani kabla ya kushika mkasi

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Usemi huo ulikuwa onyo kwa mtu anayetegemea cha mwenzake, lakini, ndugu msomaji, waweza pia kuutumia kwa fulana nyingi zinazovaliwa mijini leo. Fulana ya dukani, na ya mtumba vilevile, ilikatwa kwa mwili wa mtu usiyemjua. Ndiyo maana bega lake hushuka hadi katikati ya mkono, au kwapa hukaba, au pindo la mbele hupanda na kuacha tumbo wazi kila mvaaji anyooshapo mkono kushika bomba ndani ya daladala.

Mtu akikutwa na hali hiyo huulaumu mwili wake. Mama husema amenenepa mno tangu ajifungue. Baba husema kitambi kimemharibia umbo. Kijana mwembamba huyaonea haya mabega yake. Makala hii ina jambo moja la kusema: mwili hauna kosa. Kilichokosekana ni kipimo, na kipimo hicho familia yoyote yenye futi ya kupimia, penseli na karatasi inaweza kujipatia nyumbani kwa jioni moja.

VIPIMO VYA NANI?

Herufi S, M, L na XL zilizoandikwa shingoni mwa fulana huonekana kama sheria ya maumbile. Ukweli ni kwamba kila kiwanda hujipangia vipimo vyake, na ndiyo sababu M ya kiwanda kimoja yaweza kulingana na L ya kingine.

Hata pale serikali kubwa ilipojaribu kuweka kipimo kimoja, haikuwa rahisi. Nchini Marekani, Wizara ya Kilimo iliendesha upimaji wa wanawake mwishoni mwa miaka ya 1930, na matokeo yakachapishwa mwaka 1941. Wanawake karibu 15,000 walipimwa, kila mmoja vipimo 59. Lakini vipimo vya wanawake wasio Wazungu havikutiwa katika hesabu. Kutokana na kazi hiyo ulitungwa mwongozo wa saizi za nguo za wanawake mwaka 1958, nao ukafutwa mwaka 1983. Basi mama wa Temeke au wa Nyamagana asishangae akiona kwamba namba za dukani hazimjui.

Huku kwetu jambo hili lina uchungu wake. Tanzania hulima pamba, hasa katika mikoa ya Simiyu, Shinyanga, Mwanza na Geita, lakini sehemu kubwa ya pamba hiyo huuzwa nje ya nchi kabla haijawa uzi. Tunayoivaa ikiwa fulana imekwisha kukatwa na wengine kwa vipimo vya wengine. Fundi wa mtaani hubaki na kazi ya kurekebisha, yaani kupunguza ubavu na kufupisha pindo. Kupunguza kwawezekana, lakini pale kitambaa kilipopungua, hakuna fundi awezaye kukiongeza bila kiraka.

KARATASI KWANZA, KITAMBAA BAADAYE

Wako wengi wenye cherehani nyumbani, au walio na jirani mwenye nayo, lakini huogopa kukata. Hofu hiyo ina sababu. Kitambaa kikikatwa vibaya hakirudi, na fedha iliyokinunua ilitoka katika mshahara uleule unaolipa kodi ya nyumba, nauli na madaftari ya watoto.

Karatasi huondoa hofu hiyo. Mstari uliokosewa hufutwa, na kwapa lililochimbwa mno hubandikwa kipande. Kiolezo, ambacho mafundi wengi hukiita pateni, ni umbo la kila kipande cha nguo lililochorwa na kukatwa katika karatasi, kisha likawekwa juu ya kitambaa liuongoze mkasi. Kikishatoka sawasawa, hutumika kwa fulana ya pili, ya tatu na ya kumi bila kupima upya.

Vifaa ni vichache: futi ya kupimia, rula ndefu au ubao ulionyooka, penseli, gundi na mkasi wa karatasi. Usitumie mkasi wa kitambaa kukata karatasi, kwani utapoteza makali. Magazeti yaliyogundishwa yafaa kwa mchoro wa kwanza, likiwamo hili likiisha kusomwa. Hata hivyo wino wa gazeti huchafua kitambaa cheupe. Kwa hiyo kiolezo cha mwisho kihamishie kwenye karatasi ya kaki.

KUPIMA MWILI

Mtu asijipime mwenyewe. Apimwe na mwenzake. Avae nguo nyepesi, asimame kama asimamavyo siku zote, asivute tumbo wala kutunisha kifua. Ukimpima mtu aliyejikaza, utamshonea mtu aliyejikaza.

Vipimo vinavyotakiwa ni hivi, na pembeni tumeweka mfano wa mwanamume mmoja wa umbo la kati ili hesabu ieleweke:

1. Kifua: zungusha futi chini ya makwapa, mahali palipojaa zaidi. Sentimita 96.
2. Nyonga: mahali papana zaidi. Sm 98.
3. Mabega: mgongoni, kutoka ncha ya mfupa wa bega moja hadi ya bega la pili. Sm 44.
4. Shingo: zungusha chini kabisa, inapokutana na mabega. Sm 40.
5. Urefu: kutoka shingo inapokutana na bega, kupitia kifuani, hadi unapotaka pindo. Sm 70.
6. Urefu wa mkono: kutoka ncha ya bega hadi pindo la mkono. Sm 22.
7. Unene wa mkono wa juu: sehemu iliyojaa, chini kidogo ya kwapa. Sm 32.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika jina la aliyepimwa, tarehe na kila kipimo. Kwa watoto, rudia kila baada ya miezi sita.

KUCHORA KIWILIWILI

Mbele na nyuma huchorwa nusu tu, kwa kuwa kitambaa kitakunjwa na nusu ya pili itajikata yenyewe. Anza na upana. Chukua kifua, ongeza sm 8 za kupumulia, halafu gawanya kwa nne: 96 na 8 ni 104, na robo yake ni 26. Apendaye fulana ya kukaa mwilini aongeze sm 4 tu badala ya 8. Apendaye pana aongeze 12.

Chora mstatili wenye upana wa sm 26 na urefu wa sm 70. Ubavu wa kushoto ndio katikati ya mwili. Andika juu yake neno “kunjo” ili usije ukaukata. Sasa fuata hatua hizi.

Shingo: gawanya kipimo cha shingo kwa tano, kisha ongeza sm 1. Katika mfano wetu ni 9. Kutoka pembe ya juu kushoto, pima sm 9 kuelekea kulia na utie alama. Kwa kipande cha mgongo, shuka sm 2 kwenye mstari wa kunjo. Kwa kipande cha mbele, shuka sm 10. Unganisha alama kwa mstari wa kuviringa. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya mbele na nyuma.

Bega: nusu ya mabega ni 22. Pima sm 22 kwenye mstari wa juu kutoka kushoto, halafu shuka sm 4, kwa kuwa bega la binadamu huteremka. Unganisha nukta hiyo na ile ya shingo kwa mstari ulionyooka.

Kwapa: robo ya kifua ni 24. Shuka sm 24 kwenye ubavu wa kulia na utie alama. Hapo ndipo chini ya kwapa. Kutoka ncha ya bega teremka ukiingia ndani polepole, mpaka ukifika katikati ya njia uwe umeingia sm 1; kisha pinda kuelekea nje, kama ukingo wa bakuli, hadi kwenye alama. Kwa kipande cha mbele ingia sm 1 zaidi, maana mikono yetu hufanya kazi mbele na kitambaa kikizidi hapo hukunjamana.

Ubavu: chukua nyonga, ongeza sm 6, gawanya kwa nne. Kwa mfano wetu ni 26, sawa na kifua, hivyo mstari unashuka wima. Kwa mama mwenye nyonga za sm 110, jibu ni 29; basi ubavu wake utanuke kutoka kwapani hadi sm 29 kwenye nyonga, kisha ushuke wima hadi kwenye pindo. Hapa ndipo fulana za dukani huwashinda kina mama wengi: kifua chawatosha, nyonga zawabana, nao hulazimika kununua saizi inayowamezea mabega.

MKONO

Mkono wa nguo huwatisha wanaoanza, lakini una siri moja tu: ukingo wake wa juu lazima ulingane na tundu la kwapa utakaposhonwa. Kwa hiyo usikisie. Simamisha futi kwa ubavu wake na ufuate mchirizi wa kwapa ulioliochora, kutoka ncha ya bega hadi chini. Katika mfano wetu utapata kama sm 22.5. Toa nusu sentimita, inabaki 22.

Chukua unene wa mkono, 32, ongeza 6, gawanya kwa mbili: 19. Kwenye karatasi mpya chora mstari wa wima, huo ndio kunjo la mkono. Katikati yake chora mstari wa kulala wenye sm 19 kwenda kulia. Sasa weka rula kwenye ncha ya kulia ya mstari huo na uiinamishe kuelekea juu hadi alama ya 22 iguse mstari wa kunjo. Pale inapogusa ndipo kilele cha mkono. Katika mfano wetu kitakuwa kama sm 11 juu ya mstari wa kulala. Chora mstari wa mshazari, halafu uupe umbo: nusu ya juu ivimbe kwa nje kama sm 1.5, nusu ya chini iingie ndani kwa nusu sentimita. Pima mchirizi huo upya. Ukizidi au kupungua, punguza au ongeza uvimbe hadi ulingane na kwapa. Kutoka kileleni shuka sm 22 za urefu, na kwenye pindo upana uwe sm 17. Mkono umekwisha.

MIILI HAIFANANI

Hadi hapa tumechora fulana ya mtu wa kawaida, na mtu huyo ni nadra. Faida kubwa ya karatasi huonekana pale mwili unapotofautiana na hesabu.

Kwa mwenye matiti makubwa au kitambi, kitambaa cha mbele hupanda juu ya kilichojaa na pindo hunyanyuka. Ongeza sm 2 kwenye urefu wa mbele pale katikati, na mstari wa pindo upande polepole hadi ubavuni, ambako urefu ubaki sawa na wa mgongo. Robo ya mbele pia yaweza kuongezwa sm 1, na ya nyuma kupunguzwa sm 1. Jumla haibadiliki, ila nafasi imehamia inakohitajika.

Kwa mzee ambaye mgongo umeinama, fulana ya kawaida hupanda nyuma na shingo humkaba mbele. Kata kiolezo cha mgongo kwa mlalo usawa wa mifupa ya nyuma ya mabega, tenganisha vipande kwa sm 1 au 2, bandika karatasi katikati, kisha nyoosha upya mstari wa kunjo na wa kwapa. Akivaa, hatahitaji tena kuivuta kila anapoketi.

Kwa mwenye bega moja lililoshuka, usichore nusu. Chora kiwiliwili kizima, kulia na kushoto, kila bega kwa mteremko wake.

Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, kumbuka kwamba yeye huvaa fulana akiwa ameketi, kwa hiyo apimwe akiwa ameketi. Pindo la mbele liwe fupi ili lisijikusanye mapajani, la nyuma liwe refu ili mgongo usibaki wazi anapoinama mbele, na kwapa liwe na nafasi zaidi kwa ajili ya mikono inayosukuma magurudumu. Mtu kama huyo duka halimfikirii hata kidogo, na kumbe mabadiliko yote anayoyahitaji ni mistari mitatu ya penseli.

AKIBA, KITAMBAA NA JARIBIO

Mistari uliyochora ndiyo njia ya sindano, siyo njia ya mkasi. Ongeza akiba ya mshono: sm 1 mabegani, ubavuni, shingoni na kwapani, na sm 2.5 kwenye mapindo. Kwenye kunjo usiongeze kitu. Kila kipande kiandike jina la mwenyewe, neno “mbele”, “nyuma” au “mkono”, na tarehe.

Kiolezo hiki ni cha kitambaa cha fulana, yaani pamba iliyofumwa kwa vitanzi vinavyovutika. Kitenge na khanga ni za nyuzi zilizopishana na hazivutiki. Ukizikata hivi kichwa hakitapita. Ukiwa dukani pima mvutiko: shika sm 10 za kitambaa kwa upana, vuta bila nguvu nyingi; zifike angalau 12.5, na ukiachia zirudi. Mvutiko huo ndio unaozunguka mwili. Mita moja ya kitambaa chenye upana wa sm 150 yatosha kwa mfano wetu. Kifue na ukianike kabla ya kukata, kwani pamba hupungua. Isipopunguzwa kwenye beseni itampungukia mvaaji.

Kabla ya kukata kitambaa kipya, jaribu kwa fulana kuukuu kubwa au shuka la kuvutika lisilotumika. Unganisha kwa mishono mirefu, mvishe mwenyewe, kisha isome nguo. Mikunjo ya kulala kifuani yasema nafasi haitoshi. Mikunjo inayotoka shingoni kwenda kwapani yasema mteremko wa bega haukutosha. Pindo la mbele likipanda, urefu wa mbele umepungua. Kila unachosahihisha mwilini kirudishe kwenye karatasi siku hiyohiyo.

KUSHONA

Sindano iwe ya ncha butu, inayopenya kati ya vitanzi bila kuvikata. Cherehani yenye zigizaga itumie zigizaga nyembamba. Mwenye cherehani ya mguu yenye mshono ulionyooka asikate tamaa: avute kitambaa kidogo, kwa usawa mbele na nyuma ya sindano, ili uzi usikatike nguo ikivutika, na ubavu aushone mara mbili. Fundi mwenye ovaloki mtaani aweza kumalizia kingo kwa malipo kidogo.

Shona mabega kwanza, ukiweka utepe mwembamba wa pamba ndani ya mshono ili yasitanuke. Fuata utepe wa shingo: pima mzunguko wa tundu la shingo, ambao kwa mfano wetu ni karibu sm 49, chukua sehemu 85 kwa mia, yaani kama 42, ongeza 2 za mshono. Upana wake uwe sm 6; ukikunjwa na kushonwa utabaki sm 2. Uvute kidogo unapoushona, nao utakaa ukikumbatia shingo. Kisha pachika mikono fulana ikiwa bado wazi ubavuni, kunja nguo, ushone mkono na ubavu kwa mfululizo mmoja, na mwisho malizia mapindo.

Fulana ya kwanza yaweza kutoka na pindo lililopinda. Haidhuru, karatasi iko palepale na ya pili itakuwa bora. Kitoboe kila kiolezo tundu, ukifunge na kingine cha mtu huyohuyo kwa uzi, ukitundike kwenye msumari nyuma ya mlango. Baada ya muda nyumba itakuwa na kifungu cha baba, cha mama, cha bibi na cha kila mtoto. Anza Jumapili hii na yule ambaye nguo za dukani zimemkataa zaidi katika nyumba yako. Mwite, mpime, na mwache mwenyewe aandike jina lake juu ya karatasi.